Mapishi ya siha yanayokuchosha bure

NENDA siku ya Jumamosi hadi Nyamakima jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa au Kibuye mjini Kisumu, na utawaona. Ni kina mama, na siku hizi kina baba pia, wakiwa wameshika karatasi yenye orodha ndefu: gorogoro mbili za wimbi, moja ya mtama, nusu ya mawele, soya, njugu, mbegu za terere, dengu, mihogo mikavu na omena za kumalizia. Vyote hivyo vitachaguliwa, vitaoshwa, vitaanikwa juani na hatimaye kupelekwa kwenye kinu cha posho, ili mtoto wa miezi saba apate uji "wenye nguvu".

Hiyo ni kazi ya siku mbili au tatu. Hakuna anayeweza kumlaumu mzazi anayejitaabisha kiasi hicho kwa ajili ya mwanawe. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza kama taabu hiyo inampa mtoto chochote ambacho hangekipata kwa njia rahisi zaidi?

Swali hilo linafaa kuulizwa kuhusu mambo mengi tunayojitengenezea nyumbani kwa jina la siha njema. Mapishi haya hupokezanwa kwenye chama, kwenye saluni, nje ya kanisa na msikiti, na siku hizi kupitia simu. Baadhi yake yana manufaa. Mengine hayana hasara ila ya muda, gesi na pesa. Hata hivyo, yapo yanayoweza kuhatarisha maisha, hasa ya mtoto na ya mama mjamzito, kwa kuwa humfanya mtu aamini kwamba amelisha au ametibu ilhali hajafanya hivyo.

Hebu tuyatazame baadhi ya mapishi hayo, tukianza na lile linalopendwa zaidi.

UJI WA NAFAKA KUMI

Wazo la uji huu linaonekana kuwa la busara. Kila nafaka ina faida yake, kwa hivyo ukizichanganya zote utazipata faida zote. Kwa bahati mbaya, mwili wa mtoto haupigi hesabu hivyo.

Kwanza, lifikirie tumbo lenyewe. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane, basi, hushiba kwa mililita 240 hivi, yaani kikombe kimoja tu. Uji ukiwa mwepesi, kikombe hicho kitakuwa na maji mengi na chakula kidogo, hata kama unga wake una nafaka kumi. Uji mzito wa wimbi pekee, ule usiomwagika upesi kijiko kinapoinamishwa, humpa chakula kingi kuliko uji mwepesi wa mchanganyiko.

Pili, vyakula hivi haviivi kwa muda mmoja. Soya mbichi ina kemikali za asili zinazouzuia mwili kumeng'enya protini, na kemikali hizo hupungua nguvu soya inapopikwa vizuri. Ukiisaga mbichi pamoja na mahindi, kisha ukauchemsha uji kwa dakika chache, mtoto anaweza kujaa gesi au kuharisha, na ile protini uliyoigharimia isimfae. Soya inastahili kuchemshwa au kukaangwa barabara kabla haijasagwa. Wangapi kati yetu hufanya hivyo?

Tatu, nafaka na mbegu za jamii ya kunde zina kemikali nyingine ambayo hushikana na madini ya chuma na zinki ndani ya tumbo, na kuufanya mwili usiyapate. Unapoongeza nafaka ya saba na ya nane, unaongeza pia kemikali hiyo. Nyanya zetu walikuwa na njia ya kuipunguza, hata kama hawakuijua kwa jina: waliuacha uji uchachuke kwa siku moja au mbili, au walitumia kimea cha wimbi au mtama. Ukitaka kujitaabisha, taabika hapo, kwa maana kuna faida.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, ni sumu ya aflatoksini. Sumu hii hutokana na ukungu unaoshambulia hasa mahindi na njugu zilizohifadhiwa kabla hazijakauka vizuri. Ukungu wenyewe waweza kuuona, lakini sumu huioni, huinusi wala huionji. Kuchemsha uji hakuiondoi. Wengi bado wanakumbuka mwaka wa 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki, wengi wao katika eneo la Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Sehemu kubwa ya mahindi hayo haikutoka kiwandani. Ilikuwa imevunwa na kuhifadhiwa nyumbani ikiwa na unyevu.

Sasa fikiria gunia lako dogo lenye vyakula kumi kutoka kwa wachuuzi kumi. Kikombe kimoja cha njugu zenye ukungu kikiingia kinuni, unga wote umeharibika, na mtoto wako atakunywa uji wa unga huo asubuhi na jioni kwa miezi miwili. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, sembuse kumi?

Isitoshe, omena na njugu zina mafuta. Zikishasagwa, mafuta hayo huanza kuharibika upesi, na unga hupata harufu na ladha inayomfanya mtoto aukatae. Na endapo mtoto atatokwa na vipele au atatapika baada ya kunywa uji huo, utajuaje ni chakula kipi kati ya vile kumi kilichomdhuru? Ndiyo maana wataalamu wa lishe hushauri mtoto aonjeshwe chakula kipya kimoja kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalifahamu. Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuongeza madini na vitamini, yakiwemo chuma, zinki na vitamini A, katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa ukiwa umepakiwa. Unga unaojisagia mwenyewe hauna nyongeza hiyo. Hii si kusema kwamba kila pakiti ya dukani ni salama, kwani mwaka wa 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha uuzaji wa baadhi ya unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini hiyo hiyo. Muhimu ni kwamba taabu ya kinuni haikuhakikishii usalama wala lishe bora.

Ufanye nini basi? Chagua nafaka moja, au mbili ukipenda. Nunua kiasi kidogo kilichokauka vizuri na utupe punje zote zilizobadilika rangi, zilizonyauka au zenye ukungu. Pika uji mzito na uuongezee maziwa. Halafu vile vyakula vingine mpe mtoto katika sahani wakati wa mlo: leo yai, kesho maharagwe yaliyopondwa, keshokutwa maini kidogo au omena zilizopikwa siku hiyo hiyo na kupondwa, pamoja na parachichi, ndizi au mboga za majani. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji milo miwili au mitatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa apewe mitatu au minne, huku akiendelea kunyonya. Atavipata vyakula vyote vilivyokuwa katika orodha yako, na wewe utapumzika Jumamosi.

JUISI YA BITIRUTI YA "KUONGEZA DAMU"

Mama mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu yake imepungua, haipiti siku moja kabla jirani hajamwelekeza kwenye bitiruti. Atainunua kwa mama mboga, ataimenya, ataikatakata, ataisaga pamoja na karoti na mchicha, ataichuja kwa kitambaa, kisha atakunywa gilasi asubuhi na gilasi jioni. Jikoni kila kitu kitakuwa chekundu, na hata mkojo wake unaweza kuwa mwekundu. Wekundu huo ndio unaowahadaa wengi.

Rangi ya bitiruti haina uhusiano wowote na damu. Kinachohitajika ili mwili utengeneze damu ni madini ya chuma, na gramu 100 za bitiruti zina miligramu 0.8 hivi tu za madini hayo. Tembe moja ya chuma na asidi ya foliki ambayo mama hupewa katika kliniki za wajawazito za umma bila malipo ina miligramu 60. Piga hesabu mwenyewe: ili ufikie kiwango cha tembe moja, ungehitaji zaidi ya kilo saba za bitiruti kila siku. Na hata ukizimaliza, mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma kinachotoka katika mimea.

Hii haimaanishi kwamba bitiruti ni mbaya. Ni mboga nzuri, na ukiila ikiwa imechemshwa bila kuchujwa utapata hata yale makapi ambayo juisi huyapoteza. Hatari ni pale mama anapoziacha tembe kwenye droo kwa sababu zinamtia kichefuchefu, akaamua kutegemea juisi. Upungufu wa damu si jambo la kuchezea. Mama asiye na damu ya kutosha akivuja damu wakati wa kujifungua, muda wa kumwokoa huwa mfupi mno.

Ikiwa tembe zinakusumbua, zimeze usiku baada ya chakula, na usiogope choo kikiwa cheusi, kwani hiyo ni kawaida. Usinywe chai wakati huo huo, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Chungwa, kwa upande mwingine, husaidia. Kula nyama, maharagwe na ndengu, na maini mara moja moja, si kila siku, kwa kuwa yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi si nzuri kwa mimba. Tembe zikiendelea kukusumbua, mwambie muuguzi badala ya kuziacha kimya kimya.

MAJI YA CHUMVI NA SUKARI

Mtoto anapoharisha, wengi wetu tulifundishwa kuchanganya maji, chumvi na sukari. Mafunzo hayo yameokoa watoto wengi duniani. Nchini Bangladesh, katika miaka ya 1980, shirika la BRAC liliwatuma wafanyakazi nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama zaidi ya milioni 12 mchanganyiko huo. Lakini angalia jinsi walivyofanya: kila mama alifundishwa ana kwa ana, na baadaye baadhi yao walirudiwa ili mchanganyiko wao upimwe. Mshahara wa mwalimu ulitegemea kama wanafunzi wake wameelewa. Walijua kwamba kipimo ndicho kila kitu.

Kipimo chenyewe ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kurundika. Jikoni mwako vijiko vya chai ni vya ukubwa mmoja? Unacho chombo cha kupima lita moja sawasawa? Na saa nane za usiku, mtoto akilia, mkono wako utatulia? Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kupatwa na degedege na hata kufariki. Sukari ikizidi, atazidi kuharisha.

Zaidi ya hayo, mchanganyiko wa nyumbani hauna potasiamu, madini ambayo mtoto hupoteza kwa wingi anapoharisha. Pakiti ya chumvi za ORS ina potasiamu hiyo, na vipimo vyake vimeshakamilishwa na wataalamu. Kinachobaki ni wewe kusoma pakiti tu, kwa sababu nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Ukishachanganya, maji hayo yatumike kwa saa 24, kisha yanayobaki yamwagwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na wa miaka miwili hadi 10 mpe mililita 100 hadi 200. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe.

Pamoja na ORS, mtoto anahitaji tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 ikiwa hajatimiza miezi sita. Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto (UNICEF) yalishauri hivyo. Zinki hufupisha ugonjwa na hupunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena. Hakuna chakula cha jikoni cha kuchukua nafasi yake kwa haraka hiyo.

Basi weka pakiti mbili tatu za ORS nyumbani kama unavyoweka kiberiti. Yale maji ya chumvi na sukari yaache yawe ya dharura, pale ambapo duka la dawa limefungwa na hakuna njia nyingine. Na ukiona macho ya mtoto yamezama, hana machozi, amelegea, hawezi kunywa au choo chake kina damu, usichanganye chochote tena. Mkimbize hospitalini.

MKAA NA NDIMU KWA MENO

Kuna wale wanaosaga mkaa, wakauchekecha, wakauchanganya na chumvi na maji ya ndimu ili kupata dawa ya kung'arisha meno. Kazi hii huchafua sinki na taulo, na faida yake ni ndogo.

Ndimu ina asidi, na asidi huila ile sehemu ngumu ya nje ya jino. Mkaa nao hukwaruza. Meno yataonekana meupe kwa wiki chache, lakini sehemu hiyo ikishalika hairudi tena, na hapo ndipo maji baridi na chai ya moto huanza kukutia ganzi. Wanaojitaabisha zaidi ni wenzetu waliokulia sehemu za Bonde la Ufa kama vile Nakuru na Naivasha, ambako maji ya visima vingi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na WHO. Rangi ya hudhurungi wanayoisugua iliingia ndani ya jino wakati lilipokuwa likikua utotoni. Haitoki kwa mkaa, hata ukisugua mwaka mzima. Daktari wa meno ndiye mwenye njia za kuipunguza.

Dawa ya kawaida ya dukani yenye floraidi ya kati ya vipimo 1,000 na 1,500, kiwango ambacho huandikwa kwenye mrija, inatosha. Piga mswaki mara mbili kwa siku. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mtilie kiasi cha punje ya mchele tu.

DAWA YA KIKOHOZI YA SUFURIA

Tangawizi, kitunguu saumu, kitunguu maji, ndimu, mdalasini na asali: vyote huchemshwa hadi vikauke nusu, nyumba nzima inuke. Katika sufuria hiyo, kinachojulikana vyema kutuliza kikohozi ni asali, na kijiko chake kimoja kabla ya kulala kingetosha bila kuwasha jiko. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kuwa na viini vinavyosababisha ugonjwa hatari wa kupooza.

Hasara kubwa hapa ni muda. Mzazi anaposubiri kuona kama sufuria ya pili itafanya kazi, huenda mtoto ana nimonia. Badala ya kuhesabu vitunguu, hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi miwili hadi 11, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, au kifua kikiwa kinabonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke hospitalini mara moja.

YANAYOSTAHILI JASHO LAKO

Usije ukafikiri kwamba tunakuambia ufunge jiko. Yapo mapishi ya nyumbani yanayoshinda ya dukani. Maziwa lala ni mojawapo: chemsha maziwa hadi yatokote, yaache yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya maziwa lala ya awali, funika hadi kesho yake. Kuchemsha huko huua viini vya maradhi kama bruselosi, na umetumia dakika chache tu.

Maharagwe na githeri pia zinastahili. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha sufuria kubwa mara moja kwa wiki, gawanya na uhifadhi kwenye friji sehemu ya siku mbili tatu na nyingine kwenye barafu. Uji wa kuchachusha tumeshautaja. Hata siagi ya njugu yafaa kutengenezwa nyumbani, mradi uchague njugu punje kwa punje na kutupa zote zenye kasoro. Kazi hiyo ya kuchagua ndiyo yenye thamani, si ile ya kusaga.

Kwa hivyo, mara nyingine ukipokea pishi la siha kutoka kwa rafiki, jiulize maswali matatu kabla hujatoka kwenda sokoni. Je, usalama wake unategemea kipimo ambacho siwezi kukipima kwa kijiko? Je, unategemea kitu ambacho siwezi kukiona kwa macho, kama vile sumu au viini? Na je, kliniki au duka la dawa lina kitu kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa pesa kidogo au bila malipo?

Jibu likiwa "ndiyo" hata kwa swali moja tu, okoa nguvu zako. Zitumie kumpikia mtoto yai, au kumpeleka kliniki siku yake ikifika.